Hesabu za Mkaa

Marehemu Kanuti aliandika hesabu zake ukutani,
kwa mkaa, kuanzia usawa wa kiuno hadi kwenye kenchi.
*Mama Sekela, meza, elfu ishirini, kalipa nusu.*
*Parokia, mabenchi sita, Mungu atalipa.*
Na kweli, hadi leo tunamsubiri.

Mwaka huu halmashauri yataka madawati
mia na arobaini, ya shule tatu,
na Lusungu wa stesheneri, pale stendi ya Mafinga,
akaniambia: Shangazi, fungu la vikundi vya kinamama lipo,
ila serikali haisomi ukuta.

Basi nikaanza kuuhamisha ukuta.
Jioni sita, taa ya kuchaji, kaunta buku ya kwaya mbili,
shali mabegani, maana Juni ya huku
haimwonei mtu haya, huingia hadi kwenye gundi.
Palipofutwa na mabega ya wateja
niliandika: haisomeki. Sikutunga.
Kutunga hesabu ni rahisi kuliko kutunga shairi,
ndiyo maana wanaofungwa kwa hilo ni wengi.

Leseni ilikuwa na jina lake. Namba ya mlipakodi, jina lake.
Hata msumeno, kwenye risiti, ni wa Kanuti.
Nikaenda, nikaambiwa keshokutwa;
keshokutwa nikaenda na chai kwenye chupa,
nikakaa kwenye benchi la ofisi ya mapato.
Mguu wake wa nyuma ulikuwa unacheza.
Nikaugonga kwa jiwe nikisubiri kuitwa.

Tuko wanne sasa: mimi, Atuganile wa randa,
Editruda wa vanishi, Bi. Mgaya anayekaa na fedha.
Katiba tuliiandika usiku, tukagombania neno *mwenyekiti*:
viti tunavitengeneza,
kuvikalia ndiko hatujazoea.

Mbao tulizianika tangu mvua zilipokata,
vijiti katikati, upepo upite.
Paini mbichi ni mwongo: leo imenyooka,
baada ya likizo mtoto anakalia upinde.
Wanaoshinda zabuni kwa mbao mbichi nawajua.
Madawati yao tunayakarabati sisi, mwaka unaofuata,
kwa bei ya chai.

Kisha jedwali la bei.
Mbao, nimejaza. Skrubu, msasa, vanishi.
Usafiri hadi Ifwagi, na tope lake, nimejaza.
Safu ya tano: nguvu kazi.

Kalamu ikasimama.
Nikarudi ukutani na tochi. Miaka kumi na tisa.
Mbao zipo, gundi ipo, hata soda ya dereva ipo.
Mikono haipo. Popote.
Kanuti hakujilipa. Mimi hakunilipa, nami sikudai.
Tulidhani faida ni kile kinachobaki,
kumbe kilichobaki kilikuwa sisi,
tukipungua.

Niandike ngapi, Shangazi? Kidole cha Lusungu juu ya kibonye.
Nikataja kiasi. Kikasikika kama tusi kanisani.
Bi. Mgaya akakohoa: tutakuwa ghali.
Nikasema, andika.

Saa tisa na dakika arobaini umeme ukakatika.
Dirisha linafungwa saa kumi.
Hatukuomba. Tulimtazama Lusungu akiunganisha simu yake,
chaji asilimia kumi na moja,
duara likizunguka, likizunguka,
kama msumeno uliokutana na fundo.
Kisha namba ndefu. Imepokelewa.

Matokeo bado. Pengine aliyeandika ndogo ndiye atakayepewa.
Jana wametuma ujumbe: watapita kukagua karakana.
Editruda kaleta chokaa, ndoo nzima.
Tumepaka kuta tatu.

Wa nne nimeuacha.
Chini kabisa, karibu na sakafu, palipokuwa na nafasi,
nimeokota mkaa jikoni, nikapiga magoti,
nikaongeza mstari:
*Mikono, miaka kumi na tisa. Haijalipwa.*